Taa za Bustani ya Mama Yake

Kama angejua ile ni nyumba ya nani, asingekwenda hata kwa kuburutwa. Lakini aliyempigia simu alikuwa msichana mwenye sauti ngeni, mcheshi, aliyejitambulisha kuwa ni mtoto wa mwisho wa mwenye nyumba.

"Mama yetu macho yamepungua nguvu, dada. Mchana anajitahidi, lakini giza likianza kuingia tu, amekwisha. Na jioni ndiyo saa yake ya kukaa bustanini, hasikii la mtu! Majuzi kateleza kwenye ngazi za mawe, tukamwokota. Tumeambiwa wewe ndiye unayejua taa za nje."

"Nitakuja kuangalia kwanza," alijibu. "Siweki taa mahali ambapo sijapakanyaga."

Ndivyo alivyokuwa Fundi, maana hilo ndilo jina watu walilomzoea nalo, wakubwa kwa wadogo. Alasiri hiyo alisimamisha gari lake nje ya ukuta uliotambaliwa na maua ya zambarau, akashusha betri, sanduku la taa za majaribio na roli la waya alilolitundika begani. Akabonyeza kengele. Akasikia ndara zikija taratibu, kitasa kikalia, lango likafunguka.

Aliyefungua hakuwa msichana wa simu. Alikuwa Mwalimu.

Hakuna aliyesalimia. Mvi zilikuwa zimemwanza pembeni mwa masikio, na shati lake lilikosa kifungo cha pili kutoka juu. Macho yalikuwa yale yale, yale ya mtu anayeomba radhi hata kabla hajakosa. Fundi alihisi roli la waya begani likiongezeka uzito kama limelowa maji.

"Kidoti," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo.

Alikuwa yeye peke yake duniani aliyemwita hivyo, kwa sababu ya kidoa cheusi kilichokaa chini ya jicho lake la kushoto.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani?"

"Fundi. Nimekuja kikazi."

"Nilimwomba mdogo wangu akupigie. Ningepiga mimi usingepokea."

"Angalau hilo unalijua." Akageuka kurudi kwenye gari, kisha akasita. "Mama yako alianguka kweli, au na hilo mlilitunga?"

"Alianguka kweli. Mkono haujarudi sawa mpaka leo."

Fundi alitazama betri mkononi mwake. Angeweza kuondoka. Miguu ilikuwa tayari. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kusikia kwamba mtu anaanguka gizani, halafu akalala.

"Nitapima, nitawaonyesha, nitaondoka. Na wewe usinifuatefuate."

"Sawa," alisema Mwalimu, akampisha njia.

Ilikuwa bustani nzuri, ya mtu aliyeipenda kwa muda mrefu. Kutoka barazani ilishuka njia ya changarawe, ikapinda kwenye vichaka vya mawaridi, ikateremka ngazi chache za mawe yaliyolika katikati, ikaishia kwenye benchi la mbao nyuma ya mchungwa mkubwa. Baba wa nyumba aliinunua alipostaafu, ikiwa tayari na mchungwa na ngazi zake, akaitunza, na ndiye aliyeliunda lile benchi kabla hajafariki. Fundi hakuwahi kufika hapa. Enzi zile familia hiyo ilikaa kwenye nyumba za kazini kwa mzee, upande mwingine kabisa wa mji.

Alianza kuchomeka vijiti ardhini, kimoja kila mahali alipodhani taa itakaa. Mikono ilifanya kazi, lakini moyo ulikuwa umeshakwenda zake kwenye siku ile.

Fundi aliolewa mapema, na mtu aliyemgeuza ngoma. Alivumilia mpaka siku aliyotambua kwamba ataufia uvumilivu wenyewe, akachukua begi lake moja akarudi kwa baba yake. Baadaye, akirekebisha taa za uwanja wa shule, akakutana na mwalimu kijana wa hesabu aliyekuja kumshikia ngazi bila kuombwa na akasahau kurudi darasani. Wakapendana mapenzi ya kutoweza kula. Mwalimu akampeleka kwa mama yake. Mama akampokea vizuri, akacheka naye mchana kutwa, akamsindikiza mpaka barabarani. Fundi alipogeuza mgongo tu, mama akamwambia mwanawe, "Huyo ni mtu wa kuacha. Kamwacha wa kwanza, atakuacha na wewe."

Mwalimu hakumwambia Fundi neno; aliyasikia baadaye, kwa watu. Mwalimu alisema tu mambo yatakaa sawa. Siku ya wazee wake kuja kuposa, nyumba ya kina Fundi ilidekiwa mpaka ikang'aa, viti vya kukodi vikapangwa uani, shangazi zake wakaja na nguo zao za kabatini. Wakasubiri. Chakula kikapoa, kikapashwa, kikapoa tena. Hakutokea mtu. Jioni ukaja ujumbe kwamba mama wa kijana amelala sakafuni mlangoni na amesema mwanawe akitoka, amruke yeye kwanza.

Baba yake Fundi, ambaye sasa naye ni marehemu, ndiye aliyekunja vile viti kimoja kimoja na kuvirudisha mwenyewe, huku majirani wakijifanya hawaoni. Hakumuuliza bintiye swali. Hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko yote: kwamba baba yake alikunja viti kimya, na mgongo wake ulikuwa unauma.

"Nani yupo hapo?"

Fundi aliinua kichwa. Bibi mmoja mwembamba alikuwa ametoka barazani, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mtandio umeteleza mabegani. Alikuwa amezeeka ghafla, kama watu wanaozeeka kwa kufiwa.

"Shikamoo, mama."

Bibi alisimama. Aliinamisha kichwa upande kidogo, kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Nishike mkono unionyeshe hayo mambo yenu. Lakini nakwambia mapema, umeme nje siutaki. Nina mpira wa maji hapa asubuhi na jioni. Mnataka kunikaanga?"

Fundi alicheka bila kutaka. "Hutakaangika, mama. Umeme mkubwa unaishia ukutani pale barazani. Tutafunga kisanduku, kinaitwa transfoma, kinaupunguza mpaka volti kumi na mbili tu. Ni umeme wa kama betri hii niliyoibeba. Hata jembe likikata waya, aliyelishika hatadhurika."

"Na jembe?"

"Jembe ndiyo kabisa, halina habari. Taa tu ndizo zitazimika, na wewe utaniita nije kuunga."

"Huyu mdogo wao anataka taa moja kubwa kule juu ya paa, kama ya uwanja wa mpira."

"Asikushauri vibaya. Ukitazama dirisha wakati jua linapiga, unaona nini?"

"Naona ukungu mweupe. Hata mtu akisimama mbele yangu simuoni."

"Basi taa kubwa itakufanyia hivyo hivyo kila jioni, na pembeni yake giza litakuwa zito zaidi. Taa zako zitakuwa fupi, za kufika gotini, zimefunikwa kichwani kama zimevaa kofia. Mwanga unamwagika chini tu, rangi ya manjano kidogo, usioumiza. Uone unapokanyaga. Taa yenyewe usiione."

Wakashuka polepole. Fundi alimwachia bibi aongoze mwendo, akiangalia ni mguu upi unaotangulia, ni wapi anapunguza hatua, ni wapi anatafuta pa kujishika. Mahali njia inapopinda aliongeza kijiti. Kwenye ngazi alipiga magoti, akaeleza kwamba kila moja itachimbiwa taa ndogo chini ya ukingo wake ili kina chake kionekane. Mchungwa utamulikwa kutoka chini kwa taa moja, siyo kwa urembo, bali ili bibi akiwa barazani aone anakokwenda.

"Na kule kwenye benchi ni mbali," alisema, nusu akijisemea. "Itabidi waya mnene. Waya ukiwa mwembamba, umeme unafika umechoka, na taa ya mwisho ndiyo inayopata mabaki."

"Benchi ndilo ninalolitaka mimi," alisema bibi. "Kwingine kote fanyeni mnavyotaka."

Kwenye ngazi ya mwisho alimkamata Fundi mkono kwa nguvu. Kilikuwa kiganja chepesi, chenye mifupa ya ndege. Kwa miaka sita Fundi alikuwa amejiandaa kumchukia mwenye kiganja kile, na maneno alikuwa nayo, makali, yamepangika. Sasa alijikuta akikishika kwa mikono yake miwili na kusema, "Taratibu, mama. Bado moja."

Jua lilipozama alitandaza waya juu ya nyasi, akasimika taa za majaribio penye vijiti, akaunganisha na betri. Mafundi wengi huchora tu kwenye karatasi na kuondoka. Yeye hakuamini bustani mpaka aione jioni. Mwalimu alikuwa amekaa barazani muda wote huo, kama alivyoagizwa, mikono magotini. Sasa alisimama.

Fundi akabana klipu kwenye betri.

Njia ikaonekana. Haikumeta, haikuwaka. Ilionekana tu, changarawe ikitandazika kwa vidimbwi vya mwanga vinavyogusana, ngazi zikajitenga moja baada ya nyingine, na kule mwisho mchungwa ukasimama na matawi yake yote.

Bibi alivuta pumzi. Aliachia ukuta. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, mtandio ukiburuzika nyuma yake. Mwalimu akataka kumkimbilia, Fundi akanyoosha mkono kumzuia.

"Mwache."

"Ataanguka."

"Hataanguka. Mwache aende."

Walisimama wawili, bega karibu na bega, wakimtazama yule mama akipita kwenye mawaridi, akisita kwenye ngazi, akiteremka, akipotea nyuma ya mchungwa. Kisha benchi likalia. Mwalimu alifuta macho kwa kiganja kama mtoto. Fundi alisikia harufu ya sabuni yake, ile ile, akasogea pembeni.

"Fundi!" bibi aliita kutoka bustanini. "Njoo ukae na mimi."

Akaenda. Alipokaa, bibi alipapasa mpaka akaupata mkono wake, akauweka mapajani mwake.

"Sauti yako imekomaa," alisema. "Lakini ni ile ile."

Fundi aliganda. "Umenijua tangu lini?"

"Tangu shikamoo. Yaliyokwenda ni macho, masikio yamebaki."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungeondoka. Nami nilitaka unishike mkono kwenye ngazi."

Taa ya mwisho, nyuma ya miguu yao, ilitoa mwanga wa kutosha kuonyesha vidole vya bibi juu ya vyake.

"Mwanangu hajaoa. Unajua?"

"Sijui. Wala sijauliza."

"Kila ninayemtajia anasema, ndiyo mama, nimesikia. Halafu harudii. Anapika mwenyewe, anasahihisha madaftari ya wanafunzi mpaka anasinzia mezani. Na hajawahi kunilaumu, hata siku moja. Angenilaumu nafikiri ningepona." Akajisogeza karibu. "Taa nilizitaka kweli. Lakini nilipoambiwa anakutafuta wewe, nikafurahi. Mrudie, mwanangu. Mimi nimekwisha, sina kiburi tena. Nimekukubali."

Maneno yale! Fundi aliwahi kuyaota. Aliwahi kuyatamka mwenyewe jikoni kwa baba yake, akiigiza sauti ya mama wa watu, ili tu asikie yanavyolia. Sasa yalikuwa yametoka kinywani mwa mwenyewe, nayo yalimwingia kama maji ya moto.

"Mama," alisema, na ikambidi aanze tena. "Mama, mimi nimechumbiwa. Ni mtu wa miche, ana bustani ya kuuza maua. Alifiwa na mkewe akabaki na mapacha, wasichana, wadogo. Wananiita mama. Sikuwafundisha, walianza wenyewe."

"Mmeshafunga ndoa?"

"Bado. Siku imepangwa."

"Bado!" Bibi alimgeukia, akaukaza mkono. "Kama bado, basi kuna nafasi. Mwambie ukweli. Ataelewa. Watu wanaachana kila siku, mwanangu, kumwacha mtu siyo…"

Akakatika. Fundi alimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyesema wewe ni mtu wa kuacha," bibi alisema hatimaye, taratibu sana. "Nililala mlangoni kwa sababu hiyo. Na leo mimi huyu huyu nimekaa hapa nakuomba uache."

Akaushusha mtandio usoni, mabega yakaanza kutikisika.

Upande wa pili wa mchungwa changarawe zililia. Mwalimu alikuwa amesikia yote.

"Inatosha, mama!" Sauti yake ilipasuka. "Ulimkataa akiwa huru. Leo unamtaka akiwa wa watu? Unafikiri mimi sina moyo? Miaka yote hii nimekaa kimya kwa ajili yako, umeniharibia maisha halafu…"

"Usimpigie kelele." Fundi alikuwa amesimama. Hakupaza sauti. "Alilala mlangoni, ndiyo. Hakukufunga kamba. Nyumba ile ilikuwa na mlango wa nyuma, nilikaa jikoni kwenu nikauona. Ungetokea hata peke yako, hata umechelewa, bila mzee mmoja nyuma yako, baba yangu angekupa kiti. Hukuja. Usimbebeshe mama yako peke yake."

Mwalimu akaketi chini kwenye ngazi, palepale kwenye mwanga, akafunika uso kwa mikono. Mama analia benchini, mwana analia ngazini, na yeye amesimama katikati ya nyaya zake. Akainama, akaanza kuzikusanya, kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi.

Kisha akaziacha, taa bado zikiwaka. Alimshika bibi mkono, akampandisha mpaka barazani, akamketisha, akamwekea mtandio vizuri. Msichana wa simu alitoka na glasi ya maji, akawatazama wote, akarudi ndani kimyakimya.

Taa zilipokwisha kukusanywa, Mwalimu ndiye aliyebeba betri mpaka langoni.

"Unampenda?" aliuliza, huku akiiweka ndani ya gari.

"Mvua ikinyesha, ananipigia kuniuliza kama nimemaliza kazi ya juu ya ngazi. Nikichelewa, wananisubiri wote watatu, hawali."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua hukuuliza hivyo."

"Basi nijibu nilichouliza. Nijibu tu, Kidoti, nitakaa nalo hilo jibu, sitakusumbua tena."

Fundi alimtazama. Alikuwa na hamu ya kulishika lile shati mahali lilipokosa kifungo. Hamu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba alirudi hatua nyuma na kuushika mlango wa gari badala yake.

"Nikikujibu," alisema, "sitaweza kwenda nyumbani. Na kuna watoto wameshafiwa na mama mmoja."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa hesabu ambayo alikuwa anajua jibu lake. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Utakuja lini kufunga?" akauliza, kwa sauti ya kutafuta chochote cha kusema.

"Siji mimi. Atakuja mwenzangu, ana mkono mzuri. Vijiti nimeviacha vilipo, nitamweleza kila kimoja. Mwambie asipunguze unene wa waya wa benchini, hata akikwambia ni mbali."

"Nitamwambia."

"Na lenzi za taa zifutwe vumbi. Na matawi yakikua yakaifunika ile ya mchungwani, yapunguzwe, mama asipoteze njia."

"Nitayapunguza mwenyewe."

"Basi."

"Basi," alisema Mwalimu. Hakuna aliyesogea.

Ndipo sauti ikaja kutoka barazani, nyembamba, ikijitahidi kuvuka bustani nzima. Yule bibi alikuwa amesimama, mkono umeshika nguzo, uso ameuelekeza upande usio sahihi, mbali kidogo na pale walipokuwa.

"Mkwe wangu!" aliita. "Umeshaondoka, mkwe wangu?"

Fundi alifumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo, na alijua hatasikia tena kutoka kwenye mdomo ule. Mwalimu aligeukia ukuta.

"Abee, mama," akajibu kwa nguvu, ili afike. "Bado nipo."

"Nenda salama. Usiendeshe haraka, giza limeingia."

"Sawa, mama. Ingia ndani, kuna baridi."

Akaingia kwenye gari. Aliendesha mpaka mwisho wa ukuta wa maua ya zambarau, akakata kona, na alipohakikisha kwamba hawamwoni tena akasimama kando ya barabara, akaegemeza paji la uso kwenye usukani na kulia kwa sauti. Simu ilimulika kwenye kiti cha pembeni. Aliiacha ikaita mpaka ikanyamaza, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akakohoa kusafisha koo. Kisha akapiga yeye.

"Ndiyo, nimemaliza," alisema. "Hapana, ni vumbi tu. Waambie waanze kula, niko njiani nakuja."